Chumba Kisichotoa Ushahidi

Kopo la misumari lilikuwa limesimama wima. Sajenti Kupe aliitazama tena ile picha, ameketi kiti cha mbele cha gari la polisi, mahabusu wake yuko nyuma na pingu mikononi, na kopo bado lilikuwa wima pale ukingoni mwa meza ya msumeno, limejaa pomoni, wala hakuna msumari hata mmoja uliodondoka. Picha hiyo ilipigwa na konstebo siku ileile ya tukio, damu haijakauka. Sasa niambieni nyie: mtu asukumwe juu ya msumeno wa umeme unaozunguka, akatwe vidole, apige ukelele, ajirushe huku na huku kwa maumivu, halafu kopo lililo shubiri moja tu kutoka kwenye meno ya msumeno libaki limetulia kama halikusikia habari yoyote? Haiingii akilini hata kidogo. Lakini jambo kuingia akilini ni kitu kimoja na kuingia mahakamani ni kitu kingine, na hilo Kupe alilijua vizuri kuliko alivyopenda.

Kupe halikuwa jina alilopewa na mama yake. Walimbandika wenzake kituoni, wakisema mwanamke yule akishang'ang'ania kesi haachii mpaka ashibe. Mwanzo alinuna, baadaye akazoea, mwishowe ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliachiwa karakana ya useremala na marehemu baba yao. Mdogo ndiye aliyekuwa seremala. Alikulia kwenye vumbi la mbao, na mikono yake ilijua kazi ile hata akiwa amefumba macho. Mkubwa hakujua hata kushika randa. Alichotaka ni kuibomoa karakana ajenge vyumba vya maduka apangishe. Mdogo akakataa katakata, wakafikishana mahakamani kwa kesi ya madai. Kabla haijasikilizwa, Mkubwa akakatwa vidole vya mkono wa kulia kwenye msumeno wa karakana hiyohiyo, akaapa kwamba mdogo wake alimsukuma kwa hasira. Shahidi wake alikuwa mwanawe wa kumzaa, kijana mtu mzima aliyekuwa akiendesha pikapu ya kupelekea fanicha kwa wateja. Huyo kila mtu alimwita Dereva. Dereva alisema ameona kwa macho yake mawili.

Mdogo alijieleza kwa maneno machache tu. Alikuwa nje, anafunga kabati la mteja kwa kamba juu ya pikapu. Akasikia mashine inaunguruma, na papo hapo akasikia ukelele wa kaka yake. Zaidi ya hapo hakusema. Polisi wa zamu waliona hiyo ni hadithi ya mtoto aliyevunja chungu, wakamfungulia kesi ya jinai ya kujeruhi, na dhamana ikakataliwa. Miezi ikapita. Kifua kikaanza kumbana huko rumande, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta, na mkewe kila siku ya kutembelea wafungwa yuko getini na sabuni yake na uji kwenye chupa.

Kupe aliipokea kesi ikiwa imeshachacha. Alihangaika nayo, msimcheke. Kwanza alimfuata jirani, fundi wa vioo, aliyedai amesikia ndugu wale wakitukanana. Kumbana vizuri, kumbe ugomvi aliousikia ulikuwa wa siku nyingine kabisa. Akamwendea daktari aliyefunga kile kidonda. Daktari akamwambia kidonda cha msumeno ni kidonda cha msumeno, hakina saini ya mtu. Mwisho akaenda karakana kuifungua mashine tumboni, maana wazo lilikuwa limemjia: kama meza juu haikutikisika, basi huenda mkono uliingia kwa chini, kwenye kile kidirisha cha kutolea unga wa mbao. Damu ingekuwa humo. Akakuta alama tu za miguu ya mashine kwenye sakafu. Mkubwa alikuwa ameshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akisema hawezi kuishi anakitazama kitu kilichomla vidole. Nani angemlaumu? Na lile kopo la misumari, konstebo aliyepiga picha alikiri kwamba hakumbuki kama alilikuta pale au aliliokota akaliweka. Kupe nusura amtie kofi.

Ndipo Mkubwa mwenyewe akaomba usuluhishi. Alimwandikia hakimu kwamba damu ni nzito kuliko maji, yuko tayari kumsamehe mdogo wake, kesi zote mbili zimalizwe kwa mazungumzo, ya madai na ya jinai. Hakimu alifurahi, na mwendesha mashtaka akafurahi zaidi, kwa sababu kabati lake la mafaili lilikuwa halifungiki. Mkuu wa kituo akamkumbusha Kupe msemo wa wahenga, kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kupe alikuwa anajiuliza tangu lini mwenye kushinda kesi akaomba suluhu.

Gari likasimama. Ofisi ya usuluhishi ilikuwa nyumba ya kawaida nyuma ya jengo la mahakama, ina geti la chuma, ukumbi mdogo mbele, kisha korido yenye benchi refu na vyumba viwili vinavyotazamana. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini inayomlazimu mtu asogee. Kabla ya kazi hii alikuwa mkunga wa hospitali, na mpaka leo watu walimwita Mkunga. Yeye alikuwa akisema kazi hazijatofautiana sana, zote mbili ni kusubiri na kutovuta.

Aliwaketisha wote ukumbini. Mkubwa alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya pasi, mkono wa kulia umefungwa bendeji ingawa kidonda kilishapona. Pembeni yake alikuwa Dereva, aliyekuja, kwa maelezo ya baba yake, kumsaidia mzee kufunga vifungo na kushika kalamu. Upande wa pili alikaa Mdogo, suruali imempwaya, na Kupe nyuma yake. Mkunga hakuanza na kesi. Alianza na masharti.

"Hapa hakuna hakimu," alisema. "Mimi sihukumu na simlazimishi mtu. Umekuja kwa hiari yako, na saa yoyote ukiona huwezi, fungua mlango uondoke, kesi yako itarudi mahakamani kama ilivyokuwa. Ila sikilizeni jambo moja. Linalosemwa kuanzia pale getini kuja ndani, linabaki humu. Haliendi polisi, haliendi kwa hakimu, haliandikwi popote, hata kama ni la kweli, hata kama ni baya. Ndiyo maana watu humu huweza kusema. Asiyekubali atoke sasa hivi."

Mmoja mmoja akasema amekubali. Dereva alisema huku ametazama viatu vyake. Kupe naye alisema, kama mtu anayeitikia salamu ya njiani, maana masharti yale ameyasikia mara nyingi na siku zote yalikuwa ni mambo ya watu wengine.

Kisha Mkunga akawatenganisha, Mkubwa chumba cha kulia, Mdogo chumba cha kushoto na askari wa zamu mlangoni. Ndivyo anavyofanya. Anaingia kwa huyu, anasikiliza, anauliza lipi nimpelekee mwenzio na lipi libaki kwangu, anatoka, anavuka korido, anaingia kwa yule. Kupe na Dereva walibaki kwenye benchi.

Mara ya kwanza Mkunga alipotoka kulia, uso wake ulikuwa wa kawaida. Mara ya pili alisimama katikati ya korido akavua miwani, akaifuta kwa kitenge chake muda mrefu, ingawa haikuwa na uchafu. Kupe akaona. Mambo aliyokuwa akiyabeba alishayakisia, maana sheria ya usuluhishi wa jinai inajulikana: hakuna msamaha bila kukiri. Mdogo akitaka kwenda nyumbani leo, lazima aseme mbele ya kaka yake kwamba alimsukuma, aombe radhi, na kwa upande wa madai aiachie karakana. Akikataa, anarudi rumande na kikohozi chake, kesi isikilizwe zamu yake ikifika. Hiyo ndiyo hiari aliyokuwa nayo.

Pale kwenye benchi Dereva alikuwa hatulii. Anakunja miguu, anaikunjua. Anatoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha kama imemchoma. Kupe hakumsemesha. Katika kazi yake alifundishwa jambo moja na sajenti mzee aliyestaafu zamani, nalo halijawahi kumwangusha: mtu akitaka kutapika, usimpige mgongoni, usimpe maji, usimtazame usoni. Kaa tu. Akianza, usimguse mpaka amalize, maana ukimkatiza mara moja tu anameza, na akishameza humwoni tena. Basi Kupe akakaa. Akatazama ukuta wa mbele yake, uliokuwa na ufa mrefu kutoka dirishani hadi chini.

"Baba mdogo amekonda," alisema Dereva.

Kupe akatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Baba hakutaka. Alisema nitamwulia gari."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ilipotakiwa mtu amshike sajenti bega amnong'oneze: geti lile pale, unaliona, mchukue kijana mkanunue hata maji nje. Geti lilikuwa linaonekana kupitia mlango wa ukumbi, liko wazi, mlinzi anapiga miayo. Kupe hakuliona. Macho yake yalikuwa kwenye ufa.

"Simu yangu ilikuwa imekufa chaji," Dereva akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa nyembamba. "Tulikuwa tunataka kuondoka na lile kabati. Nikaingia ndani niichaji kidogo. Ile soketi na mashine vinakula swichi moja ya ukutani, kitufe cha mashine kilishakufa zamani, tunaiwashia ukutani. Baba mdogo alikuwa ameizima alipotoka. Mimi nikaiwasha. Sikumwona baba. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza, mkono ameuingiza kwa chini, anafungua nati za msumeno auondoe, baba mdogo akirudi asiweze kufanya kazi. Mimi sikujua yuko pale, afande. Niliwasha simu."

Akalia. Mtu mzima mwenye ndevu, analia huku amejiziba mdomo kwa kiganja ili baba yake asimsikie mlango wa pili. Kupe alimwonea huruma kweli, lakini huruma ilikuwa chini. Juu yake ilikuwa furaha, ile furaha mbaya ya mwindaji. Kopo la misumari, kidirisha cha chini, mashine iliyouzwa haraka, Mdogo aliyesikia muungurumo kabla ya ukelele, vyote vilikaa mahali pake. Akauliza swali moja tu, polepole.

"Nani aliyesema tuseme amesukumwa?"

"Baba. Tukiwa kwenye gari, tunaelekea hospitali. Mkono ameufunga kwa shati, damu inachuruzika miguuni, na tayari anapanga. Akaniambia, ukisema ulichofanya utafungwa wewe, na mimi nitaulizwa mkono wangu ulikuwa unatafuta nini mle. Ukisema nilichokwambia, tumepona wote."

Kupe alisimama. Alimwambia Dereva abaki palepale, akapita ukumbini, akatoka nje ya geti akampigia simu mwendesha mashtaka, maneno yanamtoka yakisukumana. Mwendesha mashtaka alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa, wala hakumpongeza.

"Alisemea wapi?" aliuliza.

"Hapa usuluhishi."

"Ndani ya geti au nje ya geti, sajenti?"

Kupe akageuka akalitazama geti. Ni hapo tu lilipomwingia. Akaweka kiganja kwenye boneti ya gari la polisi, ambalo lilikuwa la moto kwa jua. Mwendesha mashtaka akaendelea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Maneno yale hayawezi kuingia kwenye faili. Akiyatia tu, wakili wa Mkubwa ataomba yatupwe na hakimu atamkubalia, na yeye Kupe atajibu kwa nini amevunja sharti alilolikubali kwa mdomo wake. Labda, akasema, amtoe kijana nje ayaseme upya kwa hiari yake, hapo yatakuwa maneno mapya. Vinginevyo ayasahau.

Alirudi mbio. Dereva alikuwa bado kwenye benchi, amefuta uso. Kupe akamwambia twende nje kidogo, tukapunge upepo. Alikubali bila ubishi, na hilo lilimpa Kupe tumaini, akamwongoza mpaka ng'ambo ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, akamwambia: "Haya, niambie tena ulichoniambia."

Dereva alimtazama. Macho yalikuwa mekundu lakini yamekauka.

"Sikukwambia kitu, afande," alisema. "Baba mdogo alimsukuma baba. Niliona."

Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anayesoma alichokaririshwa, kisha akavuta pumzi ndefu, na Kupe aliona jambo lililomtisha: kijana alikuwa amepata nafuu. Mabega yalishuka. Mzigo alikuwa ameshautua mle ndani, na sasa hakuwa na haja tena ya kumwambia mtu.

Walipogeuka, Mkubwa alikuwa amesimama ukumbini, kidogo tu ndani ya mlango, mkono wa bendeji ameulaza kifuani. Mkunga alikuwa chumba cha kushoto kwa Mdogo. Dereva akapita pembeni ya baba yake bila kumtazama, akaenda zake kwenye benchi. Kupe alikuwa bado kwenye kizingiti cha geti.

"Ingia, sajenti," Mkubwa alimwambia, kwa heshima zote. "Ingia kwanza ndani ndipo tuzungumze."

Kupe akaingia. Mkubwa akasubiri mpaka miguu yake yote miwili iwe ndani.

"Mwanangu alikuwa halali usiku," alisema kwa sauti ndogo. "Chakula hali. Mke wangu alikuja kuniambia, huyu mtoto siku moja ataenda kituoni mwenyewe akajiropokee. Sasa ungefanyaje wewe, mzazi? Nikatafuta mahali pa kumpeleka aseme, ayamalize. Nikaambiwa kuna mahali unasema kila kitu na hakuna kinachotoka. Ndipo nikaomba usuluhishi."

"Uliniletea mimi," Kupe alisema.

"Nilijua wewe huwezi kumkatiza. Mji mzima unajua unavyofanya kazi, sajenti. Wewe ni msikilizaji mzuri." Hakutabasamu. Alionekana amechoka, na pengine alikuwa amechoka kweli, maana alikuwa amepoteza vidole na usingizi na ndugu. "Mdogo wangu hatafungwa. Leo anaenda kwa mkewe. Mimi si mnyama."

Kupe angemkamata kwa lipi? Neno lolote alilosema lilizaliwa na kufia hapohapo ukumbini. Alimwacha amesimama, akamsubiri Mkunga korido, na alipotoka tu akamwambia asimamishe kikao. Mkunga anao uwezo huo. Akiona mmoja hayuko huru, anafunga.

Mkunga alimsogeza dirishani. Alimsikiliza, na Kupe akajua kutokana na ule utulivu wake kwamba hakuna alilomwambia ambalo lilikuwa jipya. Wakati ule anafuta miwani, alikuwa ameshaambiwa na Mkubwa mwenyewe, kwa siri ya chumba, na hakuwa na ruhusa ya kulipeleka popote. Mama yule macho yalikuwa yamemlowa.

"Naweza kufunga," alisema. "Nikifunga sasa, mtu wako atapandishwa kwenye gari lako, wewe mwenyewe umrudishe rumande. Una kitu cha kumpa hakimu, ambacho hakikutoka humu ndani?"

Kupe alifikiria kopo la misumari.

"Sina," alisema.

"Basi si mimi wala wewe. Mwulize mwenye shingo. Humo ndani unaruhusiwa kumwambia."

Mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kwenye meza nyembamba ya mbao za kubandika. Kupe alipoingia alimkuta anapitisha kidole chini ya ukingo wa meza, anapapasa mahali palipoungwa, na akamwambia bila kuulizwa kwamba aliyeitengeneza hakuipiga msasa upande wa chini. Kupe akavuta kiti. Akamweleza yote bila kupamba: swichi, simu, nati za msumeno, gari la hospitali. Akamweleza pia kosa lake mwenyewe, kwamba alikuwa na kijana mkononi akamwacha aseme mahali pasipofaa, kwa sababu ya mazoea ya kazi. Akamwomba radhi.

Mdogo hakuonekana kushangaa habari ya swichi. Alikuwa anajua. Tangu siku ile alijua, kwa sababu alikuwa amezima mwenyewe, na aliyeingia ndani baada yake alikuwa mmoja. Hakumtaja kwa sababu alitegemea mtoto atasema mwenyewe. Yule alikuwa mwanawe pia, alimbeba mgongoni. Lililomfanya ainue kichwa lilikuwa jingine.

"Alisema kwa mdomo wake?" aliuliza. "Alisema, si baba mdogo, ni mimi?"

"Alisema."

Uso wa Mdogo ulifunguka. Kwa muda mfupi alirudi kuwa kijana, mtu ambaye amekaa gizani akasikia anaitwa. Kupe alishindwa kumtazama.

"Na mahakamani atasema?"

Mdogo alimsubiri, akakohoa, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, akasubiri tena, kisha akaelewa. Kupe akamsihi akatae. Alimwambia ataitafuta ile mashine kwenye kila yadi ya vyuma chakavu, atamrudia jirani, atampata wakili wa msaada, wampe muda. Alikuwa anasema na huku anajisikia anavyosema, na hakuyaamini hata nusu.

"Nikikataa nitarudi kule na ukweli wangu," Mdogo alisema. "Kule tunalala ubavu, sajenti. Mtu akitaka kugeuka, safu nzima inageuka. Ukweli wangu utalala wapi?"

Mkunga alipowakutanisha wote ukumbini, alimwuliza Mdogo mara mbili kama amekuja na anakubali kwa hiari yake. Mara ya pili aliuliza kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye masikio angejua anamwomba aseme hapana. Mdogo akasema ndiyo. Akasimama. Akamgeukia kaka yake, na kwa sauti isiyotetemeka akasema, "Kaka, nilikusukuma. Nisamehe." Dereva alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Mkubwa akasema amemsamehe, akamkumbatia kwa mkono mmoja, na Mdogo alisimama tu mikono ikiwa imelegea pembeni, akisubiri akumbatiwe mpaka kuishe.

Makubaliano yakaandikwa. Karakana kwa Mkubwa, shitaka liondolewe, kila upande umeridhika. Dereva ndiye aliyeshika kalamu kwa niaba ya baba yake, wino ukamtapakaa vidoleni. Wakavuka uwanja hadi mahakamani, hakimu akasoma, akawapongeza kwa kuchagua amani, akasema laiti watu wote wangekuwa na busara kama ya familia hii. Mwendesha mashtaka hakumtazama Kupe. Faili likagongwa muhuri, na Kupe akatoa ufunguo akamfungua Mdogo pingu. Ngozi chini ya chuma ilikuwa nyeupe kama ya mgonjwa.

Mkewe alikuwa nje, chini ya ngazi, amejitanda khanga, mfuko wa sabuni bado mkononi kwa sababu alikuja hajui kama mume ataachiwa. Alipomwona hakupiga kelele. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kumkagua, akamwambia amekonda, akamwambia nyumbani maji ya kuoga yapo. Kupe alisimama juu ya ngazi akiwatazama. Ufunguo wa pingu ulikuwa bado mkononi.

Wale wawili wakaanza kuondoka. Barabara mbele ya mahakama inagawanyika, kushoto ni mtaa wa mafundi na kulia ni makazi. Mdogo, akiwa anazungumza na mkewe habari ya kuoga, akashika kushoto. Alikwenda kabisa, kwa haraka, kama mtu aliyechelewa kazini, na alikuwa ameshapiga hatua kadhaa kabla mkewe hajatambua wanakwenda wapi. Akamkimbilia akamshika kiwiko. Akamwambia jambo taratibu, Kupe hakulisikia. Mdogo akasimama, akautazama mtaa wa mafundi ambako mtu mmoja alikuwa anapiga nyundo, kisha akageuka, akamfuata mkewe upande wa kulia.